Kisa cha kekeo wa msituni na kasoro ya kusema ‘aina ya ndege’

JUZI mwanafunzi mmoja anayejifunza tafsiri alinijia na swali. Alikuwa akifasiri hadithi ya watoto kutoka Kiingereza, akafika mahali ambapo ndege analia msituni na mtoto anamwigiza. “Mwalimu, huyu cuckoo ni nani kwa Kiswahili?”

Nikamjibu haraka kwamba ni kekeo. Hakuondoka. “Na kekeo ni ndege gani?” Hapo nikaanza kujikuna kichwa. Tukafungua kamusi pamoja, tukatafuta na jamaa zake wengine, dudumizi na tipitipi. Tulichopata unaweza kukikisia: aina ya ndege. Penye bahati, fasili iliongezewa rangi. Basi.

Ni sawa na kumuuliza mtu, “Wanjiku ni nani?” naye akujibu, “Ni mtu.” Hajakudanganya, lakini hajakwambia kitu.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni dogo. Eti tuna shida nyingi za istilahi za sheria na tiba, tuje kuhangaikia vijindege? Naomba msomaji wangu anivumilie, kwa sababu kuna kisa cha kekeo mmoja wa misitu ya Afrika kinachoonyesha jinsi jina linavyoweza kufumbua macho au kuyafumba. Ndege huyo alihesabiwa na wataalamu kuwa mmoja kwa zaidi ya miaka 130. Kumbe walikuwa wawili.

Tuanze na jina lenyewe. Watu wengi duniani walimpa ndege huyu jina kwa kutumia masikio. Waingereza humwita cuckoo, Wafaransa coucou, Wajerumani Kuckuck, Waholanzi koekoek. Warumi walisema cuculus, Wagiriki kokkyx. Hizo zote ni tanakali za sauti zilizogeuzwa nomino. Wagiriki walikwenda mbali zaidi: mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo, pale kitakoni, waliuita kokkyx kwa kuwa waliuona umepinda kama mdomo wa ndege huyo. Madaktari wanaoutaja mfupa huo leo wanamtaja ndege bila kujua.

Mwaka 1758, Carl Linnaeus wa Uswidi alimwandika kekeo wa Ulaya kwa jina la Cuculus canorus, yaani kekeo mwimbaji. Ajabu ni kwamba ndege huyo huyo hupita hapa Kenya katika safari zake za kukimbia baridi ya kwao, na huku kwetu huwa karibu bubu kabisa. Mwimbaji wa Ulaya ni mpita njia kimya Afrika. Angepewa jina na mkazi wa Tsavo, sidhani kama lingekuwa lile.

Wetu hasa, wanaozaliwa huku, hawako kimya. Kekeo mwenye kifua chekundu ana mluzi wa noti tatu zinazoshuka, na sehemu nyingi za Afrika Mashariki na Kusini husikika mvua inapokaribia. Wazulu na Waxhosa humwita uPhezukomkhono. Katika noti zile tatu wanasikia mwito wa kushika kazi ya mkono, wakati wa kulima umefika. Makaburu waliosikiliza mluzi ule ule walisikia Piet-my-vrou, “Piet, mke wangu.” Noti ni zile zile ila kila lugha imezitilia maneno yake. Sisi nasi tuna dudumizi, jina ambalo ukilitamka polepole unakaribia kumsikia mwenyewe akivuma kichakani.

Kwa nini sauti na si sura? Kwa sababu kekeo wengi haonekani kwa urahisi. Hukaa juu penye majani mazito, tena wengi wao wana mgongo wa kijivu na tumbo lenye mistari ya kupita, mfano wa kipanga. Unaweza kumsikia asubuhi nzima usimwone hata mara moja. Fauka ya hayo, wengi hawajengi viota. Jike hutaga katika kiota cha ndege mwingine, akaenda zake, na mlezi asiye na habari akalea mtoto asiye wake. Kwa hiyo hata ukikuta yai au kinda, huna hakika ni la nani.

Wageni walipoanza kuandika habari za ndege wa Afrika, nao walitegemea masikio, tena mara nyingi masikio ya wenyeji. François Levaillant, Mfaransa aliyezaliwa Suriname, alifika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1781 na kukaa huko hadi 1784. Katika safari zake aliandamana na watu wa jamii ya Khoikhoi, mmoja wao akiitwa Klaas. Aliporudi Ufaransa alianza mwaka 1796 kuchapisha kitabu kikubwa cha ndege wa Afrika, na kekeo mmoja mdogo wa kijani aling’aaye akamwita kekeo wa Klaas.

Levaillant hakupenda mtindo wa Linnaeus wa majina mawili ya Kilatini. Alitumia majina ya Kifaransa tu. Matokeo yake ni kwamba ndege wengi aliowaeleza walibaki bila jina rasmi hadi wengine walipowapa. James Francis Stephens wa Uingereza ndiye aliyefanya hivyo kwa huyu mwaka 1815, na leo ndege huyo anaitwa Chrysococcyx klaas.

Hebu tulitazame jina hilo kwa jicho la sarufi. Katika majina ya kisayansi, ndege akiitwa kwa heshima ya mwanamume, jina la mtu huyo kwa kawaida hutiwa kiambishi -i cha Kilatini. Akiwa mwanamke hutiwa -ae. Ni vimilikishi, kama -a yetu ya “wa fulani”. Klaas hakupewa kiambishi chochote. Jina lake limebandikwa lilivyo, kama nomino iliyokaa kando ya nomino nyingine. Ni Mwafrika aliyekumbukwa katika orodha iliyojaa majina ya mabwana wa Ulaya, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini tusisahau kwamba Klaas ni jina la Kiholanzi, kifupi cha Nicolaas. Hata katika kuheshimiwa, Mkhoikhoi yule hakuingia kitabuni kwa jina la lugha yake.

Baada ya zama za wasafiri zikaja zama za makumbusho. Kazi ya kuainisha ikahama kutoka msituni hadi kwenye saraka za mbao za Berlin, London, Vienna na New York. Ndege aliuawa, akachunwa, ngozi yake ikajazwa pamba, mguuni akafungwa kikaratasi chenye mahali na tarehe. Mtaalamu aliyekaa mezani alipima mdomo, bawa na mkia, akalinganisha rangi, kisha akaamua huyu ni spishi mpya au la. Mfumo huo ulileta nidhamu kubwa na bila huo tusingekuwa na elimu tuliyo nayo. Hata hivyo, kitu kimoja hakingeweza kujazwa pamba, nacho ni sauti.

Maandishi nayo yana ajali zake. Yuko kekeo mwingine mdogo wa kijani aitwaye Diederik kwa sababu ya mlio wake. Jina lake rasmi ni Chrysococcyx caprius, la mwaka 1783. Wajuzi wa majina wanalichukulia neno caprius kuwa kosa la maandishi, kwamba lililokusudiwa ni cupreus, “wa rangi ya shaba”. Lakini kanuni za majina hulinda jina la kwanza kuchapishwa, kwa hiyo kosa limekuwa sahihi. Sisi wenye kuhariri magazeti tunajua kwamba kosa la jana husahihishwa kesho. Kwa majina ya viumbe, kosa linaweza kuishi miaka 200 na zaidi!

Sasa tufike kwa mhusika wetu. Mwaka 1882, Jean Cabanis wa makumbusho ya Berlin alieleza kekeo wa msituni kutoka Angola. Ngozi ilitokana na safari za Alexander von Mechow, mpelelezi Mjerumani aliyezuru nchi hiyo. Ndege alikuwa mweusi-kijivu mgongoni, tumbo jeupe lenye mistari myeusi, na mkia mrefu kupita kawaida. Cabanis akaona hafai kuwekwa katika jenasi zilizokuwapo, akaunda mpya: Cercococcyx, kutokana na maneno ya Kigiriki ya “mkia” na “kekeo”. Jina kamili likawa Cercococcyx mechowi. Kwa Kiswahili tunaweza kumwita kekeo mkia-mrefu wa Mechow.

Jamaa zake wakafuata. Mwaka 1912, Moritz Sassi wa Vienna alimtaja olivinus, mwenye rangi ya zeituni. Mwaka 1928, Mmarekani James Chapin alimtaja montanus, wa milimani. Chapin alikuwa amezunguka Kongo tangu 1909 hadi 1915, na ndiye yule aliyekuja kumtambua tausi wa Kongo kwa kuanzia na unyoya mmoja tu aliouona kwenye kofia ya mwenyeji. Huyu kekeo wa milimani ni jirani yetu. Yuko katika misitu ya milima ya Tanzania na hapa kwetu katika msitu wa Mlima Kenya, ingawa wengi wanaopita chini yake hawajui.

Kuanzia hapo ilionekana kama hesabu imefungwa. Kekeo mkia-mrefu ni watatu. Yule wa Mechow alisemekana kuenea kutoka Sierra Leone, Afrika Magharibi, kupitia Kamerun na Kongo hadi Uganda magharibi na kusini hadi Angola. Ngozi zake zilipangwa sarakani, na kwa macho zilifanana mno.

Tatizo lilikuwa kwa waliokwenda msituni na masikio yao. Aliyezoea wimbo wa ndege huyu huko Liberia au Ghana alipofika Gabon au Kongo alisikia wimbo mwingine. Mwanzoni mtu angeweza kusema ni lahaja tu. Mswahili wa Lamu hasemi kama wa Mvita, na wa Mvita hasemi kama wa Unguja, lakini hatujawahi kudai kwamba ni watu wa spishi tofauti. Mbona ndege wasiwe na Kiamu na Kimvita chao?

Hoja hiyo ni nzito, na jibu lake ndilo lililonivutia kuandika makala haya. Ndege wengi waimbao hujifunza wimbo kwa wakubwa wao, kama mtoto anavyojifunza lugha, ndiyo maana wanaweza kuwa na lahaja. Kekeo hana nafasi hiyo. Amelelewa na mzazi wa kambo wa ukoo mwingine kabisa. Tangu alipofungua macho amesikia sauti ya mlezi, si ya mama yake. Ila akikomaa haimbi wimbo wa mlezi. Huimba wimbo wa kekeo, sahihi noti kwa noti. Ni lugha ya mama ambayo mama hakumfundisha, amezaliwa nayo. Kwa hiyo makundi mawili ya kekeo yakiimba tofauti kabisa, tofauti hiyo haikutokana na malezi. Imo katika damu.

Kilichokosekana kwa muda mrefu kilikuwa ushahidi unaoweza kuwekwa mezani. Huwezi kumwambia hakimu, “Mimi nilisikia.” Kinasa sauti ndicho kilichobadilisha mambo. Kwa miongo kadhaa watu walikwenda misituni na vipaza sauti, na maktaba za sauti zikajengwa. Mwaka 2005 ukazinduliwa mkusanyiko wa wazi wa xeno-canto, ambako mtu yeyote anaweza kuweka sauti ya ndege aliyoinasa na mwingine akaisikiliza bila malipo. Sauti nayo ikapata saraka yake. Ikachorwa, urefu wa noti ukapimwa kwa sekunde, juu na chini yake ikapimwa kama vile zamani walivyopima mdomo na bawa.

Ndipo mwaka 2019 Peter Boesman na Nigel Collar walipochapisha makala katika jarida la klabu ya wanaornitholojia wa Uingereza, wakionyesha kwamba wale wa magharibi, kutoka Sierra Leone hadi kusini-magharibi mwa Kamerun, ni spishi yao wenyewe. Wakamwita Cercococcyx lemaireae. Kwa Kiingereza jina lake la kawaida linamtambulisha kwa miluzi yake. Orodha kuu za ndege duniani zimemkubali.

Msomaji makini atauliza: kwa nini wa magharibi ndiye aliyepewa jina jipya, na wa mashariki akabaki na la zamani? Hapa pana kanuni ambayo wanaisimu wangeipenda. Jina la spishi halielei hewani. Limefungwa kwenye sampuli moja maalumu, ile iliyotumiwa kumweleza ndege mara ya kwanza. Kundi likigawanyika, jina hufuata sampuli. Sampuli ya Cabanis ilitoka Angola, kwa hiyo ndege wa upande wa Angola ndiye mwenye haki ya jina mechowi. Yule wa magharibi, aliyeazimwa jina hilo kwa miaka yote, akajikuta hana lake. Na tazama tena viambishi vyetu: mechowi ina -i, lemaireae ina -ae. Ukijua sarufi ndogo hiyo, unajua kwamba wa kwanza ni wa heshima ya mwanamume na wa pili wa heshima ya mwanamke.

Je, kuna faida gani kujua kwamba ni wawili? Kubwa. Misitu ya Afrika Magharibi imekatwa sana kwa mbao na kwa mashamba ya kakao. Wakati kekeo huyu alipohesabiwa mmoja, mtu angeweza kusema: hata akitoweka Côte d’Ivoire au Ghana, si yuko tele Kongo? Lakini yule wa Kongo si yeye. Akiisha magharibi ameisha duniani. Orodha za viumbe walio hatarini huhesabu spishi, na asiye na jina hahesabiwi. Kwa kiumbe wa msituni jina ni kitambulisho, na kila Mkenya anajua tabu ya kuishi bila kitambulisho.

Sasa nirudi kwa kamusi zetu. Jambo linalonikera ni kwamba wanasayansi wamepita njia ndefu, kutoka bunduki hadi saraka, kutoka saraka hadi kinasa sauti, wakafika pale ambapo waliowapa ndege majina ya dudumizi na uPhezukomkhono walikuwa wameanzia: sikiliza kwanza. Sisemi kwamba wazee wetu walikuwa na taksonomia ya kileo. Hawakuwa nayo. Jina moja wakati mwingine lilibeba ndege watatu, na ndege mmoja alibeba majina matatu kutoka kijiji hadi kijiji. Ninachosema ni kwamba ndani ya majina yale mlikuwa na maelezo: analia vipi, analia lini, analia wapi. Tulipoyaingiza kamusini tuliyavua nguo zote, tukayaacha na “aina ya ndege”.

Almuradi, hatuhitaji kungoja mwingine aje. Chukua dudumizi. Mbona tusiandike kwamba ni ndege wa familia ya kekeo, mwenye mabawa ya hudhurungi, tumbo jeupejeupe na mkia mrefu, akaaye vichakani; hujenga kiota chake mwenyewe tofauti na kekeo wengi; mlio wake ni mzito, wa noti zinazoteremka upesi mfano wa maji yanayomiminwa kutoka chupani? Hayo ni maneno chini ya 40. Kwa fasili hiyo mtoto wa Kakamega au wa Kwale akimsikia kesho asubuhi anaweza kusema, “Ndiye huyo!” Kwa fasili ya “aina ya ndege” hatasema chochote.

Wajuzi wako. Waongozaji watalii katika msitu wa Arabuko-Sokoke na ule wa Kakamega huwatambua ndege kwa sauti kabla wageni hawajainua darubini. Nyumbani kuna bibi na babu wanaojua ni ndege gani akilia jembe linatolewa. Ni watafiti wachache wa leksikografia wanaokwenda kukaa nao na simu zenye kinasa sauti, na simu hizo tunazo mifukoni. Kila mzee anayeondoka huondoka na majina ambayo hayatarudi. Na tofauti na kekeo, watoto wetu hawazaliwi na wimbo huo damuni. Tusipowafundisha, hawataujua.

Mwanafunzi wangu nilimwambia aandike kekeo katika tafsiri yake, kisha pale ndege anapolia aache sauti yenyewe isikike, mtoto amwigize. Akanitazama kidogo. “Sasa mwalimu, kekeo hulia vipi?”

Nikamwambia kwamba inategemea ni kekeo yupi, tukaanza kusikiliza.